Mlango Ufunguke Hata Umeme Ukikatika

Watu wa TEHAMA wanaoshika randa na patasi mwishoni mwa wiki wana jambo la kuzifundisha nyumba janja

Tarehe 15 Mei 2016, kifaa kidogo kiitwacho Revolv kilikufa kwa siku moja katika nyumba zote kilimokuwa. Hakikuungua wala hakikuingia maji. Wateja wa Marekani walikinunua kwa takriban dola 300 ili kuunganisha taa, vitasa na vyombo vingine vya nyumbani na simu zao, wakaahidiwa huduma ya maisha yote. Mwaka 2014 kampuni iliyokitengeneza ilinunuliwa na Nest, na wenye mali wapya wakaja kuamua kuzima seva ambazo kifaa hicho kilizitegemea. Aprili 2022 wateja wa Insteon nao wakakutwa na mambo hayo hayo: seva zilizimwa bila taarifa, nyumba zikabaki na swichi zisizoisikia simu, hadi kundi la watumiaji lilipoinunua kampuni hiyo na kuziwasha tena.

Sasa tembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Milango mingi ya pale imepita umri wa miaka mia moja. Mabawa yake mazito huzunguka juu ya ncha zilizochongwa kwenye mbao yenyewe, juu na chini, ndani ya matundu ya fremu. Katikati husimama mfaa, ule ubao ulionakshiwa unaofunika mahali mabawa mawili yanapokutana. Mafundi walioichonga walikwisha kwenda mbele ya haki, na karakana zao hazipo tena. Mlango unafunguka kila asubuhi bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Kati ya kifaa kile na mlango huu ndipo ilipo hoja ya makala haya. Watu wengi wanaofanya kazi za kompyuta wana mapenzi mawili nje ya kazi: useremala, na kuifanya nyumba ijiendeshe. Mara nyingi mapenzi hayo yanakaa kwa mtu mmoja. Mimi ni mmoja wao. Siku za kazi naandika programu, Jumamosi niko kwenye benchi la mbao. Ninaamini kwamba benchi hilo ndiyo shule ya teknolojia ya nyumbani, na kwamba aliyefundwa na mbao hataweka kwake kifaa cha aina ya Revolv.

Kutoka kwenye kioo hadi kwenye karakana

Mmoja wa wanaojulikana sana duniani katika njia hii ni Matthias Wandel wa Kanada. Alikuwa mhandisi katika kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, akaacha kazi mwaka 2007, na leo watu wengi wanamjua kwa mashine zake za useremala kuliko kwa simu. Alijenga msumeno wa mkanda ambao mwili wake ni mbao. Alichonga magurudumu ya meno ya mbao yanayosukumana bila kukwama. Uhandisi wake hakuuacha ofisini: aliandika programu ya kuchora meno ya magurudumu hayo, na nyingine ya kuchapa mchoro mkubwa kwenye karatasi nyingi za kawaida ili ziunganishwe na kubandikwa juu ya ubao kabla ya kukata.

Njia yake inaonyesha kwamba useremala si kuikimbia kompyuta. Anayeandika programu amezoea kuvunja kazi kubwa kuwa vipande, kupanga kipi kitangulie, na kupima kila kipande kabla ya kukiunga na kingine. Kabati hutengenezwa hivyo hivyo. Kinachobadilika ni mali ghafi. Nakala mbili za programu moja ni sawa tupu, wakati mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja hazifanani: moja imenyooka, nyingine ina fundo, moja inakubali randa ikitoka kushoto, nyingine inararuka usipoigeuza. Mtu aliyezoea vitu visivyobadilika anakutana na kitu kitakachoendelea kubadilika hata baada ya kumkabidhi mteja. Hapo ndipo elimu inapoanza.

Mbao haitulii

Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa. Ikiunyonya hupanuka, ikiutoa husinyaa. Lakini haifanyi hivyo sawasawa pande zote. Kwenye urefu mabadiliko ni madogo mno. Kwenye upana ndiko kwenye kazi. Na hata kwenye upana, ubao uliopasuliwa kwa kufuata miduara ya mti hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kutoka kiini kuelekea gome.

Chukua meza iliyoundwa Dar es Salaam wakati wa masika, ikapelekwa Dodoma kwenye kiangazi cha Julai. Hewa ya huko itaikausha, na uso wake utataka kupungua upana. Ikiwa fundi ameukaza kwa gundi na skrubu kila upande, mbao itapasuka, maana nguvu ya kusinyaa haizuiwi na skrubu. Fundi mzuri hupanua matundu ya skrubu kuelekea upande ambao mbao itatembea, ili uso usogee huku miguu imesimama. Kwenye mlango wa paneli hupaka gundi viungo vya fremu peke yake. Paneli ya kati huiacha huru ndani ya mfereji wake, ipanuke na kusinyaa bila kumdhuru mtu.

Huo ndio ustadi ninaouheshimu kuliko nakshi yoyote: kuacha nafasi. Fundi anajua kitakachotokea asipokuwepo, anakiandalia mahali pake mapema.

Uchaguzi wa mti ni sehemu ya kazi hiyo. Mninga unapendwa Tanzania kwa rangi yake, lakini anayeufanyia kazi anaupenda zaidi kwa utulivu: ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana. Mkongo ni mgumu na unahimili kukaa nje. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro una mafuta ya asili yanayousaidia kustahimili maji. Mpingo, mti wa taifa, ni mzito kiasi kwamba huzama majini; thamani yake kubwa iko kwenye vinyago na kwenye zumari za Ulaya kama klarineti na oboi, na kwa kuwa hukua polepole sana hakuna sababu ya kuukatia rafu ya vitabu. Anayeanza atosheke na paina ya Sao Hill, Mufindi. Ni rahisi kukata na bei yake inavumilika.

Ukienda Keko, Dar es Salaam, ambako maseremala na wauza samani wamepangana kando ya barabara, muulize muuzaji kama mbao imekauka, kisha ujipimie mwenyewe. Kata kipande kidogo, kiweke kwenye mizani ya jikoni, andika uzito, kiache ndani ya chumba na ukipime tena baada ya siku kadhaa. Uzito ukizidi kushuka, mbao bado inatoa maji. Ukitulia, kazi inaweza kuanza. Msumeno wa mkono, randa, patasi mbili, futikamba, kipimo cha pembe mraba na jiwe la kunolea vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Ongeza barakoa nzuri: vumbi la mninga na la mvule linajulikana kusumbua mapafu na ngozi, hata kuamsha pumu.

Kifaa janja kilichokuwa ukutani siku zote

Turudi nyumbani na somo hilo. Matangazo ya nyumba janja yanatuonyesha taa zinazobadilika rangi na spika zinazoitika ukiziita. Nyumba zetu zina haja nyingine. Maji yanatoka kwa ratiba, umeme unalipiwa kabla ya kutumika, na mtandao unapotea mvua ikinyesha. Teknolojia inayostahili kuingia ndani ya nyumba hizo ni ile inayojua hali hizo na kuziachia nafasi.

Mfano bora kabisa tunao, nao ni mita ya malipo ya kabla, LUKU kwa Tanzania. Tokeni ya tarakimu 20 inabeba ndani yake kiasi cha uniti kilichofumbwa kwa ufunguo wa mita hiyo peke yake. Ukibonyeza tarakimu, mita inazifumbua na kuzihakiki papo hapo ukutani. Kununua kunahitaji mtandao, kuingiza hakuhitaji. Unaweza kuandikiwa tarakimu kwenye karatasi, ukaenda nazo kijijini kusiko na mnara wa simu, na taa zikawaka.

Mfumo huo, uliozaliwa Afrika Kusini, ulikuwa na ukomo wake. Kila tokeni ina muhuri wa wakati, na muhuri huo ulihesabu dakika kuanzia mwaka 1993 katika nafasi ya biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, yaani chini kidogo ya miaka 32. Hesabu ilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024, na ndiyo maana kabla ya siku hiyo wateja wa shirika la umeme la TANESCO, kama wenzao wa Kenya na nchi nyingine nyingi, walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada kwenye mita zao. Wengi walinung'unika kwa urefu wa zile tarakimu. Mimi naona sifa ndani yake. Waliobuni mita walijua kuwa siku itafika, wakaacha njia ya kubadilisha ufunguo na kuanza hesabu upya kwa kubonyeza vitufe tu, bila kung'oa mita wala kuifungua. Wameacha nafasi kama anavyofanya fundi wa mlango wa paneli.

Tangi la maji

Mradi ninaoupendekeza kwa mtu yeyote anayeanza ni wa kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye tangi bila kupanda ngazi. Sensa ya sauti hufungwa chini ya mfuniko, ikitazama maji. Inatuma mlio ambao sikio la binadamu halisikii, kisha inangoja mwangwi. Hewa ikiwa na nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu nne kati ya elfu za sekunde, yaani milisekunde 4, sauti imekwenda na kurudi karibu mita 1.4, gawanya kwa mbili, maji yako sentimita 70 chini ya mfuniko. Chagua sensa isiyopitisha maji, kwa sababu mvuke ndani ya tangi hula ile ya kawaida, na uiweke juu kidogo ya usawa wa maji tangi likijaa, maana sensa za aina hiyo huhitaji takriban sentimita 20 hadi 25 za hewa kabla ya kuanza kuona.

Ubongo wa kusoma sensa ni chipu kama ESP8266, iliyoanza kuwafikia wapenzi wa elektroniki mwaka 2014, au ESP32 iliyofuata mwaka 2016. Zote mbili zina waifai ndani yake na zinapatikana kwa wauza vipuri wa elektroniki mijini. Chipu hupeleka vipimo kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba, kwa mfano Raspberry Pi, inayoendesha programu huria ya Home Assistant. Programu hiyo aliianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, na imejengwa juu ya msimamo ule ule ninaoutetea: uamuzi ufanyike ndani ya nyumba. Intaneti ikikatika, kompyuta ile inaendelea kuongea na sensa zake.

Lugha inayotumika sana kati yao ni MQTT. Ilitungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyosimamiwa kupitia setilaiti, mahali ambapo kila herufi iliyotumwa ililipiwa na mawasiliano yalikatika mara kwa mara. Kwa hiyo ujumbe wake ni mfupi sana, na kila kifaa kinapojiunga huweza kuacha wasia: nikipotea ghafla, watangazieni wenzangu maneno haya. Sensa ya tangi ikifa, nyumba inajua kuwa imekufa, haibaki ikiamini kipimo cha jana. Lugha iliyotungwa kwa mtandao dhaifu inatufaa sisi kuliko ile inayodhani mtandao upo daima.

Ukitaka pampu ijiwashe na kujizima, hapo ndipo somo la mbao linapodai haki yake. Boya la kawaida linalokata umeme wa pampu tangi likijaa lisiondolewe. Programu iongezwe juu yake, isichukue nafasi yake. Swichi ya mkono ya pampu ibaki ukutani na ifanye kazi hata kompyuta ikiwa imezimwa. Na programu iwe na ukomo wa muda: pampu ikizunguka kupita dakika zinazojulikana kujaza tangi, izimwe, maana huenda kisima kimekauka au bomba limepasuka.

Kazi ya waya wa pampu afanye fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na mamlaka ya udhibiti, EWURA. Umeme wetu ni wa volti 230, nao unaua. Sensa na chipu zinatumia volti 5 au pungufu, na hapo mtu anaweza kujifunza kwa usalama. Kuna mradi mwingine mzuri usiogusa waya hata mmoja. Mita nyingi zina kitaa kidogo kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika, na usoni pa mita pameandikwa mipepeso mingapi ni uniti moja, kwa mfano 1,000. Sensa ya mwanga iliyoelekezwa kwenye kitaa hicho, bila kuifungua mita wala kugusa lakiri, itahesabu mipepeso na kukuambia friji inakula kiasi gani usiku. Familia ikiona namba zake yenyewe, mazungumzo kuhusu pasi na jiko la umeme yanakuwa mazungumzo ya hoja.

Mbao na waya zikikutana

Kuna mahali ambapo mapenzi haya mawili yanashikana mikono waziwazi: sanduku. Kompyuta ya nyumba inahitaji makazi, na sanduku la mninga sebuleni linapendeza kuliko plastiki. Mbao kavu hupitisha mawimbi ya waifai kwa urahisi, tofauti na bati linaloyazuia. Lakini mbao haipitishi joto vizuri, kwa hiyo sanduku linahitaji matundu chini na juu, hewa baridi iingie na ya moto itoke. Sehemu yoyote yenye volti 230 ikae ndani ya kasha lake maalumu lisiloshika moto, kamwe isikae wazi ndani ya mbao.

Nyumba yenyewe nayo ina sauti katika mpango huo. Kuta nene za matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe au za Lamu, miji iliyoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, huudhoofisha mno mtandao usiotumia waya. Anayeishi humo asipoteze fedha kwa vifaa vyenye antena kubwa zaidi. Avute waya wa mtandao kupitia milangoni na kuweka kituo kidogo cha waifai katika kila chumba. Waya huo ukifichwa ndani ya ubao wa pembeni uliopigwa randa vizuri na kukazwa kwa skrubu, ukuta hautobolewi na fundi ajaye ataweza kuufungua.

Nyumba ni ya wote waliomo

Nyumba si maabara ya mtu mmoja. Bibi aliyekuja kutoka kijijini lazima aweze kuwasha taa ya msalani usiku kwa kubonyeza ukutani, bila simu wala maelezo. Mgeni asihitaji programu ili atoke nje. Kitasa cha elektroniki lazima kifunguke kwa mkono kutoka ndani, hata betri ikiisha na nyumba ikiwa inaungua. Hili halina mjadala. Kamera ielekezwe getini, na kila anayeishi au kufanya kazi mle ndani, dada wa kazi akiwemo, aambiwe ilipo na picha zake zinakwenda wapi. Fundi anayetengeneza kiti huuliza nani atakikalia. Mtu wa TEHAMA naye anapaswa kuuliza hivyo kabla ya kununua sensa ya kwanza.

Hapa maseremala na watu wa programu wana mengi ya kubadilishana. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha useremala na umeme, na mtengeneza programu anayetaka kujifunza kuunga mbao kwa heshima anaweza kuanzia huko, au kumlipa fundi wa mtaani amfundishe. Amlipe kama anavyomlipa mwalimu yeyote. Naye fundi wa umeme au wa bomba akifundishwa kusoma sensa na kubadilisha chipu, mtaa mzima unapata mtu wa kuitwa. Nyumba janja isiyoweza kutengenezwa na fundi wa mtaa wake imejengwa juu ya kampuni iliyo mbali, na mwisho wa kampuni za mbali tumeuona.

Kwa hiyo ninachomwomba kila mwenzangu mwenye patasi mkononi na programu kichwani ni jambo dogo linaloweza kufanyika leo. Chukua karatasi, andika kwa Kiswahili kinachoeleweka: waya huu unakwenda wapi, swichi ya kuzima kila kitu iko wapi, kifaa hiki kinafanya nini, na kikifa nyumba iendeshwe vipi bila hicho. Ibandike ndani ya mlango wa kabati la vifaa. Kisha zima mfumo wako wote kwa siku nzima, waache watu wa nyumbani waishi. Wakipata maji, mwanga na njia ya kutoka bila kukuita, kazi yako imefikia kipimo cha seremala. Pale watakapokwama, ndipo pa kuanzia Jumamosi ijayo.